Utepe Waliuacha, Medali Wakaenda Nazo

Makorora, Tanga

Kwenu wenye dhamana ya medali na kumbukumbu za askari wastaafu,

YAH: MEDALI TATU ZA BABA YANGU NA NYOTA MOJA YA BABU

Waheshimiwa, poleni na kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Ngamiani, nashona sare za shule, na harusi zikipamba moto nashona magauni mpaka usiku. Sina mazoea ya kuwaandikia wakubwa. Barua za bahasha nimeshapeleka nne, na nakala zangu zote zimegongwa muhuri wa "Imepokelewa". Muhuri umekaa sawa, tarehe inasomeka, wino haukuvuja. Jibu ndilo halijafika. Kwa hiyo hii ya tano naiandika wazi, kila mtu aisome, labda katika watakaoisoma atakuwamo mmoja anayejua mlango wa kugonga.

Habari yenyewe ni ya wizi mdogo, na ombi langu ni baba avishwe tena medali alizoibiwa. Mwaka jana, kumi la mwisho la Ramadhani, watu wote wa nyumbani tulikuwa msikitini kwa tarawehe. Mwizi akang'oa nondo moja ya dirisha la chumba cha baba. Alichukua redio, simu iliyokuwa kwenye chaji, na kopo la Kimbo ambalo halijawa na Kimbo tangu mimi niko darasa la tatu. Redio tulishanunua nyingine. Simu ilikuwa ya tochi, hata hatukuisikitikia. Ndani ya kopo mlikuwa na Medali ya Vita vya Kagera, Medali ya Miaka 20 ya Jeshi la Wananchi, JWTZ, na ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Chini kabisa, kwenye kitambaa cha khaki, ilikuwamo nyota ya babu, medali aliyorudi nayo kutoka Burma, Vita vya Pili vya Dunia.

Asubuhi yake mtoto wa jirani akaja na tepe. Alizikuta kwenye michongoma, nyuma ya choo. Mwizi alikuwa amebandua medali, akabaki na kinachopimwa kwa kilo, kitambaa akakitupa. Mimi kazi yangu ni nguo, kwa hiyo nilizishika nikazitazama. Utepe ukikatwa kwa mkasi unaacha ukingo mmoja ulionyooka. Ukivutwa kwa mkono nyuzi zinachomoza kama ndevu. Hizi zilikuwa na ndevu. Alizivuta gizani, kwa haraka, pengine huku akisikia imamu anavyomalizia rakaa.

Baba alizichukua bila kusema kitu, akazinyoosha juu ya goti moja moja.

Tulizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku mbili. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye mizani aliniambia, wala si kwa ubaya, "Dada, vitu vidogo vya shaba vinaingia gunia moja na koki na vipande vya bomba. Gunia la juzi limeshapanda lori." Nilimuuliza kama aliona kitu chenye umbo la nyota. Akafikiri kweli, akasema angeona angemwekea mtoto wake achezee. Hapo nikajua safari ya kutafuta imeishia. (Na hili nalo mlitazame, ingawa si la meza yenu: mtu anayenunua chuma kwa kilo haulizwi na yeyote kilikotoka. Mifuniko ya mitaro inapita pale, nyaya zinapita pale. Medali ya mzee ingekwama wapi?)

Tukaenda polisi kuchukua RB, ile karatasi ya taarifa ya wizi. Askari aliyetupokea alikuwa kijana mstaarabu, alimpa baba kiti, akamwita afande. Akaandika redio, thamani yake. Simu, thamani yake. Akafika kwenye medali, kalamu ikasimama. "Afande, thamani niweke shilingi ngapi?" Baba akamwambia, "Andika haina." Kijana hakujua kama hiyo maana yake ni kubwa au ni sufuri. Akaweka kistari. Basi ninayo RB ambayo redio ina bei na Vita vya Kagera vina kistari.

Wapo walionishauri nisihangaike. Yupo fundi anayetengeneza beji za shule na vikombe vya mashindano, akaniambia nimletee picha tu, atanitolea tatu zinazong'aa kuliko za kwanza kwa elfu arobaini. Nami, nikiri, nilishawishika. Hata sare za shule nembo si tunabandika wenyewe? Nilimweleza baba jioni, anakunywa chai yake ya rangi. Akanitazama kama nimemtukana. "Mtu hajivishi medali," akasema. "Unavishwa."

Kisha akanieleza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulisikia. Siku aliyovishwa ile ya Kagera walipangwa gwarideni tangu alfajiri. Jina lake likaitwa, akapiga hatua tatu mbele. Afisa aliyembandika alikuwa na haraka, foleni ndefu, pini ikapita shati ikamchoma kifuani. Hakutikisika. Akapiga saluti, akarudi mstarini, na tone la damu likabaki kwenye shati la ndani. Shati hilo bibi yangu alilifua mara ngapi sijui, alama haikutoka. Ndiyo medali anayoitaka baba. Ile iliyoitiwa jina. Ya fundi wa beji hata iwe ya dhahabu, jina lake halikuitwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, hakuna mahali pengine pa kwenda. Kitu hiki hutolewa kwa jina la Amiri Jeshi Mkuu, na kikiibwa, anayeweza kukirudisha ni huyohuyo kupitia ninyi.

Labda mnataka kumjua mwombaji. Baba aliingia jeshini mwaka 1974, kijana wa kutoka Pongwe, mtoto wa kibarua wa mkonge. Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu akazungumza tarehe 2 Novemba kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, baba alikuwa amefunga ndoa miezi minne iliyopita. Mama alimsikia Mwalimu redioni, akaanza kufungasha kabla hajaambiwa. Alikwenda Kyaka, akavuka mto, na mwezi wa tatu mwaka 1979 alikuwa na Brigedi ya 208, ile iliyozunguka kwa mbali usiku kucha na kumpiga adui kwa upande mwingine pale Lukaya, Uganda. Kuhusu Lukaya huwa anasema maneno matatu tu: maji, matete, kimya. Ukimuuliza zaidi anauliza kama umeshalisha kuku. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi kumi na nane. Baba hutania kwamba yeye mwezi wa kumi na tisa haujaingia bado.

Sasa nije kwenye safari zangu za ofisini. Ofisi zenyewe sitazitaja, kwa sababu waliokaa mezani si wao walioweka utaratibu, na wengine walinisikiliza vizuri. Meza ya kwanza iliniambia nilete namba ya jeshi, kikosi, na RB. Nikaleta. Meza ya pili ikasema jalada halionekani, nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi baada ya tatu, nisionekane nina pupa. Meza ya tatu ikasema mtoto haruhusiwi kufuatilia, mhusika aje mwenyewe, tena Dodoma. Baba ana goti moja linalokunja na moja lisilokunja. Kutoka hapa mpaka Dodoma kwa basi ni kutwa nzima ya kukaa mguu umenyooshwa kwenye njia ya abiria, kila anayepita anaukanyaga. Kuna mtu mmoja koridoni aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba askari akipoteza medali ni uzembe wake, zamani angewekwa ndani. Huyo nilimjibu kwamba aliyepoteza ni mwizi. Nilipofika nje nikajiona nimejibu vizuri, nilipofika stendi nikagundua sijaondoka na kitu.

Neno linalonikera kuliko yote ni hilo la "jalada halionekani". Kila mwezi pensheni ya baba inaingia benki. Hazina walipofanya uhakiki wa wastaafu alikwenda na vyeti vyake, akatambuliwa yu hai, ni yeye, na alitumikia miaka aliyotumikia. Mtu huyu serikali inamjua mpaka senti. Inajua siku aliyoingia na siku aliyotoka, maana bila hizo usingeweza kukokotoa mafao. Iweje ajulikane kwenye dirisha la malipo na asijulikane kwenye dirisha la heshima? Sisemi kwamba kuna mtu anamficha. Nasema vitabu viwili vya nyumba moja havijakutanishwa, na mwenye kubebeshwa gharama ya kuvikutanisha ni mzee mwenye goti.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, ndiye anayenisomea mambo ya kwenye simu wakati nashona. Akanisomea habari ya Marekani. Kule majalada ya askari waliotoka jeshini yalikuwa yamewekwa jengo moja, eneo la St. Louis. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghorofa ya juu, yakateketea majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960, asilimia 80 ya kumbukumbu zao zikawa majivu. Nilisimamisha cherehani nikamwambia arudie. Nilidhani mwisho wa habari ni kwamba wazee hao waliambiwa wapole. Kumbe hapana. Watunza kumbukumbu walienda kuchimba hati za malipo, orodha za vikosi, karatasi za hospitali, wakaanza kumjenga upya askari mmoja mmoja kwa vipande, na kazi hiyo wanaifanya mpaka leo ikiwa mzee au mtoto wake ataomba. Hati za malipo, nasema. Yaani kitu kilekile ambacho kwa baba yangu hakijaungua, kipo, na kinafanya kazi kila mwisho wa mwezi.

Uingereza nako wameandika masharti yao. Medali iliyoibwa au iliyoteketea wanaweza kukupa nyingine, mradi ulete ripoti ya polisi, au madai ya bima yanayotaja kitu kimoja kimoja. Za Vita vya Kwanza vya Dunia hawatoi tena. Ukiwa umeipoteza tu njiani, watakuelekeza ukanunue ya mfano kwa wauzaji. Ni masharti ya watu wagumu, na hilo la bima limeandikwa na mtu asiyejua Makorora. Lakini limeandikwa. Mtu analisoma akiwa kwao, anajua aanzie wapi na akomee wapi. Hata "hapana" ikiandikwa inamwokolea mzee nauli.

Nimewataja Waingereza kwa sababu ya ile nyota. Babu alikuwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, wakashuka bonde la Kabaw mvua inanyesha mpaka wakafika mto Chindwin. Alirudi na malaria, na nyota ya pembe sita yenye taji na herufi za mfalme katikati. Nyuma yake alikuwa ameikwaruza namba yake ya jeshi kwa msumari, namba zenyewe zimekwenda upande kama mtu aliyekuwa anaandika garini. Ya babu nitaifuatilia kwa wenyewe. Sikuombeni ninyi. Nilitaka tu mjue kwamba kopo lile lilikuwa na vita viwili na watu wawili, na kwamba katika vita hivyo viwili, kile nilichoweza kukipatia masharti kwa maandishi ni cha mfalme wa watu.

Na hapa kwetu Tanga jambo hili lina ukali wake. Tunapita kila siku karibu na makaburi ya askari wa Novemba 1914, Wahindi walioshushwa pwani yetu na Waingereza, wakapigwa na Wajerumani na askari wao weusi, na nyuki nao wakaingia vitani. Miaka zaidi ya mia. Majina yao yamechongwa, na kuna watu wa mbali wanaohakikisha hayafutiki. Sioni wivu kwa maiti. Nasema tu, mtoto wa mtu wa India akija leo atamkuta babu wa babu yake kwenye jiwe, na mimi baba yangu ninaye nyumbani anakula ugali, simkuti kwenye daftari.

Najua mnachokihofia. Wapo watu wanaovaa wasichokipata. Wapo wanaouza medali kwa wageni wanaokusanya vitu vya kale, kisha warudi kuomba nyingine. Wapo watakaotunga wizi. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi kama fundi naijua, maana nimewahi kuletewa koti na kijana wa miaka thelathini akitaka nimshonee tepe za vita alivyozaliwa baada yake. Nilimrudishia koti lake. Lakini dawa ya hofu hiyo iko kwenye daftari lenu. Ikitolewa mara ya pili, iandikwe ni ya pili, itiwe alama nyuma, na isitolewe ya tatu. Aliyetunga wizi ataishia hapo. Kumnyima kila mtu kwa sababu mmoja ni mwongo ni kama mimi niache kupokea vitambaa kwa sababu mteja mmoja alinitoroka.

Ninachoomba si kigumu. Andikeni karatasi moja. Iseme mzee aliyeibiwa au nyumba yake kuungua alete nini: RB, kitambulisho, kitabu cha pensheni, barua ya mtendaji, chochote mtakachoona kinatosha. Iseme mtoto anaweza kufuatilia kwa niaba, akiwa na barua ya mzazi wake iliyogongwa mtaani. Iseme itachukua muda gani, na kama kuna ada iseme ni kiasi gani, maana kisichoandikwa bei ndicho kinachopanda. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pale pale mnapobandika za mbio za mwenge. Na walio mgambo mwaka ule, wakaenda Kagera kisha wakarudi kwenye mashamba yao bila pensheni, hao hawana dirisha la Hazina la kuwathibitisha. Kwao mtahitaji kusikiliza mashahidi, na mashahidi hao wanazikwa. Mwaka huu peke yake baba amekwenda mazishi ya wenzake watatu, mmoja Muheza, mmoja Pangani, mmoja hapahapa Mikanjuni. Kila akirudi anavua viatu mlangoni anasema, "Tumebaki wachache wa kuulizana."

Kingine, na hiki ni cha kwangu mwenyewe: msimtumie kwa posta. Akivishwa, avishwe. Haihitaji gwaride. Hata afisa mmoja kutoka kambi yoyote ya karibu, mbele ya watu wa mtaa, amwite jina lake na namba yake. Goti litakunja siku hiyo, namjua.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Miaka yote baba huamka kabla ya adhana, ananyoa ndevu, anavaa koti lake la kijivu na kukaa mbele ya televisheni kama hatukwenda uwanjani, yuko tayari. Anaijua ile shughuli kwa moyo: mkuki na ngao vya Rais, sime ya Mkuu wa Majeshi, upinde na mshale wa Meya. Ikifika zamu ya mzee anayeweka shoka kwa niaba ya wapiganaji wa zamani, baba husimama. Sebuleni, peke yake, anasimama. Mwaka jana hakuvaa koti. Alisema lina joto. Julai, Tanga, upepo wa kusi unavuma, watu wamejifunika khanga.

Wiki iliyofuata akaniletea kibarazani. Alikuwa amelikunja vizuri, amelitia kwenye mfuko wa rambo. Akasema, "Mwanangu, hapo kifuani pana matundu ya pini. Yazibe, nguo isichanike." Nikayatazama. Yako upande wa kushoto, mstari mmoja, kitambaa kimelegea kidogo pale uzito ulipokuwa ukikaa. Uzi wa kijivu wa rangi ileile ninao. Ni kazi ya dakika kumi.

Nikamwambia baba nina foleni ya sare za shule, aniachie. Koti liko kwenye kabati langu la kibarazani, nimelipiga pasi, matundu sijayagusa. Nakala ya RB na za barua zangu nne zenye mihuri yenu ninazo hapohapo, droo ya juu. Nafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa nafunga saa sita.

Wenu,
Binti wa askari,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga